Chopa, Hewa Nyepesi na Mkupuo wa Pili

Kama umekulia Kaengesa, au popote kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, huenda chopa ya kwanza kuiona kwa karibu ilikuwa ya kampeni. Unaisikia kabla hujaiona. Watoto wanakimbilia uwanja wa mpira, vumbi linatimka, kofia zinaruka, akina mama wanashikilia khanga zao. Anashuka mgombea na watu wake wachache, anahutubia, anaondoka. Basi.

Sasa badilisha picha. Badala ya mgombea, wanashuka askari wenye silaha, na nyuma ya mabua ya mahindi kuna adui anayewasubiri. Hilo ndilo shambulio la helikopta: kuwapitisha askari juu ya milima, mito na mabomu ya ardhini, na kuwashusha pale adui asipowatarajia. Ukiliona kwenye sinema unadhani siri yake ni ujasiri na bunduki. Ujasiri upo, lakini mara nyingi kinachoamua ni vitu viwili ambavyo sinema haivionyeshi: uzito wa hewa, na mkupuo wa pili.

Hewa nayo ina uzito

Helikopta hupaa kwa kusukuma hewa chini. Mapanga yake yanapozunguka yanaisukuma hewa, na hewa nayo inaisukuma mashine juu. Hewa ikiwa nzito, kazi ni rahisi. Ikiwa nyepesi, mapanga yanazunguka sana lakini yanashika kidogo.

Hapo ndipo Ufipa inapokuwa darasa zuri. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi joto 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1.2. Panda hadi mita 1,800, mwinuko wa kawaida kabisa kwenye uwanda wetu, mchana wa nyuzi 25, na hewa ileile inabaki takriban kilo 0.95. Imepungua kwa sehemu moja ya tano hivi. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo na yenyewe inaweza kuchoka. Ukiteremka Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa, kwenye mita 800 hivi, hewa inakuwa nzito tena, ingawa joto la bondeni linapunguza sehemu ya faida hiyo.

"Sawa," utasema, "sehemu moja ya tano si kubwa sana." Ngoja tupige hesabu.

Tuchukue helikopta ya kufikirika inayoweza kuinua tani 10. Mashine yenyewe, mafuta na marubani ni tani 8. Zinabaki tani 2, yaani askari 20, kila mmoja kilo 100 pamoja na mzigo wake. Sasa tuseme hewa nyepesi imeondoa asilimia 10 tu ya nguvu, hata hatujafika asilimia 20. Inainua tani 9. Mashine haijapungua uzito, wala marubani. Anayepunguzwa ni abiria: imebaki tani 1, askari 10. Nguvu imepungua kwa sehemu moja ya kumi, askari wamepungua nusu!

Hapo ndipo mkupuo wa pili unapoingia

Tuseme una askari 120 na helikopta sita. Kwa askari 20 kila moja, wote wanafika kwa mkupuo mmoja. Kwa askari 10, unahitaji mikupuo miwili. Ikiwa kwenda na kurudi ni nusu saa, wale 60 wa kwanza watakaa peke yao kwa nusu saa nzima, wakati adui ameshasikia mngurumo na anajua walipo.

Ndiyo maana wapangaji wa mashambulizi haya wanahangaika na mambo yanayoonekana madogo. Eneo la kutua linatosha chopa ngapi kwa wakati mmoja? Upepo unatoka wapi? Vumbi litamfumba rubani macho? Mafuta yatajazwa wapi? Wengi hupenda kuanza alfajiri, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi na adui bado ana usingizi. Tatizo ni kwamba alfajiri ndiyo saa ya ukungu. Tutaurudia ukungu huo.

Ilianzia wapi

Tarehe 6 Novemba 1956, wakati wa vita vya Suez, helikopta za Uingereza ziliondoka kwenye meli na kushusha zaidi ya askari 400 mjini Port Said, Misri, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Miaka hiyohiyo Wafaransa walikuwa wakiwarusha askari wao kwenye milima ya Algeria. Lakini jaribio kubwa lilikuja Vietnam.

Novemba 14, 1965, kwenye bonde la Ia Drang, Luteni Kanali Harold Moore alikuwa na helikopta 16. Mkupuo wa kwanza ulibeba watu 80 hivi tu, na uwanja wenyewe uliweza kupokea takriban chopa nane kwa wakati mmoja. Walianza kutua saa nne na dakika 48 asubuhi. Wa mwisho wa kikosi chake walifika yapata saa tisa na dakika 20 alasiri. Kwa saa nne na nusu, basi, kikosi kilipigana kikiwa vipandevipande, na platuni moja ikazingirwa mbali na wenzake. Walinusurika kwa msaada mkubwa wa mizinga na ndege. Chopa ziliwafikisha haraka, ila hazikuweza kuwafikisha wote pamoja.

Ng'ambo ya Ruvuma

Sasa turudi karibu na nyumbani. Julai 1, 1970, jeshi la Wareno chini ya Jenerali Kaúlza de Arriaga lilianza operesheni kubwa kaskazini mwa Msumbiji, kwenye uwanda wa Wamakonde kule Mueda, si mbali na mpaka wetu. Waliipa jina la Fundo la Gordia. Mpango ulikuwa hivi: ndege na mizinga wanapiga, helikopta zinashusha askari kuzunguka kambi za FRELIMO, na vikosi vya ardhini vinasogea kufunga mtego.

Kambi zilitekwa kweli. Lakini FRELIMO, waliokuwa na kituo chao cha mafunzo Nachingwea, hawakung'ang'ania vibanda. Walitawanyika, wakazidisha mapambano upande wa Tete, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Somo hapa ni jepesi kulitamka na gumu kulikubali: chopa inakupa mahali, haikupi mtu. Adui asipokuwepo unapotua, umeteka nyasi.

Kambi iliyoitwa Kiswahili

Mfano unaouma zaidi ni wa Kongo. Mwaka 2008, Joseph Kony na waasi wake wa LRA walikuwa wamejificha kwenye Hifadhi ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kambi yao kuu iliitwa, amini usiamini, Kiswahili. Desemba 14 jeshi la Uganda, likisaidiwa na Marekani kwa mipango na mafuta, likaishambulia.

Na ukungu ukaja. Hali mbaya ya hewa ilivuruga ratiba, ndege za kivita zilizopangwa hazikutumika, na zikatumwa helikopta za mashambulizi. Zilipiga kambi, lakini Kony alikuwa ameondoka. Askari wa miguu waliopaswa kuziba njia za kutokea hawakuwepo karibu. Walifika kambini siku kadhaa baadaye. Kwa lugha yetu ya leo, mkupuo wa kwanza ulikuwa moto mtupu, na mkupuo wa pili ulichelewa.

Waasi waliotawanyika hawakwenda kujificha tu. Kuanzia Krismasi waliingia vijijini, Faradje, Doruma na kwingineko, wakalipiza kisasi kwa watu waliokuwa wamekusanyika kusherehekea. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya raia 800 waliouawa katika wiki zile. Hakuna aliyekuwa amewawekea wanavijiji hao ulinzi kabla ya mabomu ya kwanza kuanguka.

Hewa ya milimani haikuiachia Uganda. Agosti 2012 helikopta zake nne zilikuwa zikivuka Kenya kwenda kukisaidia kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Moja, ya usafirishaji, ilifika Garissa salama. Tatu za mashambulizi aina ya Mi-24 zilianguka kwenye Mlima Kenya kabla hazijamwona adui yeyote.

Kwa hiyo?

Kiongozi akikuambia kwamba shambulio la helikopta ni la haraka na safi, muulize maswali matatu. Wanabeba wangapi kwenye hewa ya mahali pale, si kwenye kitabu cha kiwanda? Mkupuo wa pili unafika baada ya dakika ngapi? Na wale watakaokimbia watapita kijiji cha nani? Swali la tatu halina fomula, lakini ndilo lililoamua nani afe kule Faradje.

Na siku chopa ya kampeni ikirudi uwanjani Kaengesa, iangalie inavyoondoka. Ikiwa imejaa watu, huenda isipande moja kwa moja kama lifti. Itainua tumbo kidogo, iinamishe pua, itambae mbele juu ya nyasi, ndipo ipae. Inatafuta hewa mpya ambayo mapanga yake hayajaivuruga, kwa sababu huko hupata nguvu ya ziada bila kuongeza mafuta. Waonyeshe wadogo zako. Ni fizikia ya bure, na vumbi lake mtakula wote.