ASILI NA MAANA YA MAJINA YA DARAJA ZA SKAUTI

Wanafunzi wengi huwaona wenzao wa Skauti wakipita na beji zao, na husikia majina ya daraja wanazopanda, lakini ni wachache wajuao majina hayo yalitoka wapi. Wengine hudhani kwamba daraja ni cheo cha kuwaamrishia wadogo. Tukiyatazama majina yenyewe tutaona kuwa sivyo.

Chama cha Skauti kilianzishwa na Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza. Mwaka 1907 alifanya kambi ya majaribio pamoja na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na mwaka 1908 akatoa kitabu chake kiitwacho Scouting for Boys. Katika jeshi, skauti ni mpelelezi, yaani mtu anayetangulia kutazama njia na kuwaletea wenzake habari. Baden-Powell alilitoa jina hilo vitani akalipa kazi ya amani.

Mwanzoni daraja kuu zilikuwa tatu. Ya chini iliitwa Tenderfoot, maana yake "nyayo laini". Katika karne ya 19 hilo lilikuwa jina la utani huko magharibi ya Marekani, wakiitwa wageni ambao hawajazoea taabu za nchi ile. Kisha ikaja Daraja ya Pili. Ili kuipata, kijana alitakiwa, pamoja na mambo mengine, kuwasha moto kwa njiti za kibiriti zisizozidi mbili, kupika nyama na viazi, na kwenda maili moja kwa dakika 12.

Daraja ya Kwanza ilikuwa ngumu zaidi. Kijana aliogelea yadi 50, tena alisafiri mpaka mahali penye umbali wa maili 7 na kurudi. Lakini liko sharti moja lipasalo kukumbukwa kuliko yote: alitakiwa kumleta Tenderfoot mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe. Basi mtu hakuhesabiwa kuwa wa kwanza mpaka awe amemwinua aliye wa mwisho.

Mwaka 1916 watoto wadogo nao walipata chama chao, wakaitwa Wolf Cubs, yaani wana wa mbwa-mwitu. Majina yao yalitolewa katika The Jungle Book, kitabu cha Rudyard Kipling chenye hadithi za mtoto aliyelelewa na mbwa-mwitu huko Bara Hindi. Kiongozi wao aliitwa Akela, kama yule mbwa-mwitu mkuu wa kundi.

Uingereza iliziacha zile daraja tatu katika mabadiliko ya miaka ya 1960, ingawa Marekani majina yake yangali yakitumika. Huku kwetu Kenya, ambako Baden-Powell alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, vikundi vya skauti kwa kufuata umri vina majina ya Kiswahili: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Majina haya hayahitaji mkalimani. Sungura twamjua tangu hadithi za jioni: mwili wake mdogo, lakini akili yake huwashinda wakubwa. Chipukizi ni mche mchanga, wenye haja ya maji na mtunzaji. Mwamba ni jiwe kubwa ambalo mawimbi hulipiga yakarudi. Na Jasiri ni mtu asiyekimbia penye hatari.

Angalieni mpango wake. Mche haukui bila mtu wa kuutunza, na mwamba una faida kwa wale wanaojikinga nyuma yake. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lenye maana ya bwana mkubwa. Mkubwa anayemtuma mdogo amfulie nguo kwa sababu ya beji yake hajaelewa jina alilopewa.

Kwa hiyo, ndugu skauti, siku utakapopanda daraja, usihesabu ni wangapi umewapita. Hesabu ni wangapi umewafundisha.