Je, Beberu Anahitaji Homoni?

Dawa ya kumwamsha beberu kweli iko, lakini elewa kwanza ilitengenezewa wapi. Huko Ufaransa na Hispania, mchana unapoanza kurefuka beberu hupoa: hamu hupungua na mbegu hudhoofika. Basi huwekewa chini ya ngozi, karibu na sikio, kidonge cha melatonini, homoni ambayo mwili huitoa usiku. Mwili hudhani usiku umerefuka, na baada ya wiki kadhaa hamu hurudi.

Sisi tuko kwenye ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Beberu wako akilegea, angalia kwanza njaa, minyoo na ugonjwa. Usitupe pesa bure.

Fanya hivi: mtenge beberu kwa mwezi mmoja, mbuzi jike wasimwone, wasimsikie wala kumnusa. Ukimrudisha, wengi huanza kumtaka ndani ya siku 10 hivi. Mimba ni miezi 5. Kwa hiyo wakipandwa Novemba watazaa Aprili, majani yakiwa tele. Mama aliyezaa wakati wa ukame huwa na maziwa machache, na kitoto chake huweza kufa. Hesabu miezi mapema!