Vijana wa Nesitu na Mji wa Verona

Mwalimu wa historia au wa sanaa anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake Italia kwa safari ya masomo, aghalabu huitaja Roma, Florence na Venice kabla ya mji mwingine wowote, wala hapana wa kumlaumu, kwa maana miji hiyo mitatu imesheheni kazi za mafundi ambao sifa zao zimeenea duniani kote. Lakini kwa wanafunzi wa Nesitu, mahali petu hapa kandokando ya barabara itokayo Juba kwenda Nimule, upande wa mashariki wa mto Nile, nathubutu kusema kwamba mji wenye haki ya kutangulizwa ni Verona, uliojengwa katika kizingo cha mto Adige kaskazini mwa nchi ile. Na sababu yangu si uzuri wake peke yake, ijapokuwa uzuri huo ulitosha kuufanya uandikwe na UNESCO mwaka 2000 miongoni mwa turathi za dunia, bali ni kwamba habari za bonde la Nile na habari za Verona zimefungamana tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita, na anayezisoma za upande mmoja bila za upande wa pili huwa amesoma nusu.

Katikati ya karne ya 19 alikuwako Verona padri mmoja, Nicola Mazza, aliyefungua nyumba za kuwasomesha watoto wa maskini waliojaliwa akili, na baada ya muda nyumba hizo zikapokea watoto wa Kiafrika pia, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka utumwani huko Misri. Mmoja wa watu wa nyumba hiyo, Padri Angelo Vinco, ni katika Wazungu wa kwanza kufanya maskani katika nchi ya Wabari, na ndiko alikofia mwaka 1853, zama zile misheni ya Gondokoro, ambayo nayo iko ng'ambo hii hii ya mto, ilipokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Katika vijana waliovuka bahari kwa njia hiyo alikuwamo Mbari aitwaye Francesco Saverio Logwit lo Ladu, aliyesoma Verona, kisha akakaa na mtaalamu wa lugha Johannes Mitterrutzner katika mji wa Bressanone, ambao wakati ule ulikuwa wa milki ya Austria na leo ni wa Italia. Maarifa mengi yaliyomo katika kitabu cha sarufi na kamusi ya Kibari, kilichopigwa chapa hukohuko mwaka 1867, yalitoka kinywani mwa kijana huyu. Mkutano wa lugha wa Rejaf wa mwaka 1928 ulipokichagua Kibari kuwa miongoni mwa lugha za kufundishia shuleni, lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuwamo vitabuni kwa miaka sitini, na sehemu kubwa ya fadhila hiyo ni ya Logwit, ambaye jina lake, kwa masikitiko yangu, ni wachache wanaolitaja.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa neema tupu. Wengi katika watoto wale walikufa kwa baridi na maradhi ya kifua, wakazikwa mbali na kwao, na jambo hilo lilimsumbua sana Daniele Comboni, aliyelelewa katika nyumba ya Mazza tangu mwaka 1843 na aliyeiona Nile ya juu kwa macho yake mwaka 1858. Mwezi wa Septemba 1864 Comboni aliandika mpango wake mashuhuri, ambao kiini chake ni kwamba Afrika itainuliwa na Waafrika wenyewe, na kwamba vyuo vya kuwafunza vijengwe pembezoni mwa bara lao, katika nchi ambazo hali ya hewa yake haimwui Mwafrika wala Mzungu. Mwaka 1867 alisafiri kwenda Cairo pamoja na mabinti wa Kiafrika kumi na sita waliosomeshwa Ulaya, ili wawe walimu huko. Na Fortunata Quascè, binti wa Kinuba aliyesomeshwa Verona, akaja kuwa mtawa katika shirika la masista alilolianzisha Comboni. Mimi nauona mpango ule kuwa hoja nzito hata katika zama hizi za ndege: kijana aende, aone, arudi, na elimu ipikwe nyumbani. Safari ya masomo isiyo na kazi ya kufanywa baada ya kurejea ni matembezi tu, hata kama gharama zake zimelipwa na shule.

Sasa natuje kwenye mji wenyewe. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi afundishwe kabla hajaondoka Nesitu ni kutazama chini. Vibamba vya mawe vilivyotandazwa katika barabara za Verona, pamoja na vizingiti na ngazi za makanisa yake, vingi ni vya marumaru nyekundu inayochimbwa katika vilima vya jirani, na ndani ya jiwe hilo huonekana maumbo ya mviringo yaliyojikunja mithili ya kamba iliyoviringishwa sakafuni, mengine mapana kuliko kiganja cha mkono. Hayo ni makombe ya amonaiti, viumbe wa baharini waliotoweka dahari na dahari kabla ya mwanadamu, na kuwapo kwake humo ni ushahidi kwamba vilima vile vilikuwa sakafu ya bahari, ambayo matope yake yaligandamana yakawa jiwe, kisha nguvu za ardhi zikayanyanyua juu. Mwanafunzi akilijua hilo, atatambua kwamba historia ya mji huanzia katika machimbo yake, kwani fundi hujenga kwa kile ambacho ardhi imempa.

Ukumbi wa Kirumi uitwao Arena, uliojengwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ni wa mawe ya vilima hivyohivyo, meupe kwa mekundu. Ukuta wake wa nje uliharibika mno kwa tetemeko la mwaka 1117, hata leo yamebaki matao manne tu yaliyosimama kando peke yake, na mawe mengi ya ukuta ule yalichukuliwa na wenyeji wakajengea majumba mengine. Hivyo magofu ya zamani yamo ndani ya mji uliofuata, kwa mwenye kujua pa kuyatafuta. Tangu mwaka 1913 ukumbi huo huchezwa opera, na ya kwanza kuchezwa ilikuwa Aida ya Verdi, kisa cha binti mfalme wa Kihabeshi aliye mateka Misri, ambayo kwa mara ya kwanza kabisa ilikuwa imeonyeshwa Cairo mwaka 1871.

Lakini lau ningepewa asubuhi moja tu ya kukaa na wanafunzi katika Verona, ningeitumia yote katika kanisa la San Zeno. Humo imo sanamu ya Mtakatifu Zeno, askofu wa mji huo katika karne ya nne na msimamizi wake hadi leo, ambaye mapokeo yasema alitoka Afrika ya Kaskazini. Sanamu ni ya marumaru iliyopakwa rangi: askofu ameketi, uso wake ni mweusi, midomo imefunguka kidogo kwa kicheko, na kwenye fimbo yake ya uaskofu ananing'inia samaki, kwa kuwa husimuliwa kwamba alikuwa akivua katika Adige. Hapo mwalimu awazuie wanafunzi wasifanye haraka ya kuhukumu. Sanamu hii ilichongwa karne nyingi baada ya Zeno kufa, kwa hiyo haiwezi kuwa shahidi wa sura yake. Lakini ni shahidi amini wa yale waliyoyaamini watu wa Verona, yaani kwamba baba yao katika dini alikuwa Mwafrika, na kwamba hawakuona haya kumweka kanisani katika sura hiyo, akicheka.

Juu ya madhabahu ya kanisa hilohilo imo kazi ya Andrea Mantegna, aliyoichora kati ya mwaka 1457 na 1460. Nguzo za mbao zilizochongwa kwenye fremu yake zimeunganishwa kwa hesabu na nguzo zilizochorwa nyuma yake, hata mtazamaji hudhani anachungulia chumba cha kweli, na chini ya miguu ya Bikira Maria limetandikwa zulia la Mashariki, dalili ya biashara iliyokuwa ikivuka bahari katika karne ile. Mwaka 1797 jeshi la Napoleon liliichukua kazi hii Ufaransa. Sehemu zake kubwa zilirejeshwa mwaka 1815, ila picha tatu ndogo za chini hazikurudi: moja iko Louvre, mbili ziko Tours, na anachokiona mgeni mahali pake ni nakala. Ni vyema kijana wa Sudan Kusini alione pengo hilo kwa macho yake, apate kujua kwamba mali ya sanaa iliyotekwa si dai la Afrika peke yake.

Na baada ya kuliona, avuke Ponte Pietra, daraja la tangu enzi za Warumi, ambalo Wajerumani walilivunja kwa baruti mwezi wa Aprili 1945 walipokuwa wakikimbia, na ambalo mafundi walilijenga upya kati ya mwaka 1957 na 1959 kwa kuyaopoa mawe yake yaleyale kutoka mtoni. Ng'ambo ya pili, mwendo mfupi tu, iko nyumba ya Wakomboni na jumba lao la makumbusho ya Afrika, lililoanzishwa mwaka 1938, ambamo vimewekwa vifaa vilivyokusanywa na wamisionari. Hapa wanafunzi wasiridhike kusoma vibandiko. Kila mmoja achague kifaa kimoja kinachofanana na kitu anachokijua kwao, akichore, akipime, aandike jina lake katika lugha ya mama, ni nani hukitengeneza, kwa mti gani au ngozi gani, na hutumika wapi. Karatasi hizo zikifika Nesitu, zisomwe kwanza mbele ya wazee ili wasahihishe majina na matumizi. Kisha nakala moja iliyosahihishwa ibaki shuleni, na ya pili ipelekwe Verona ikawekwe pamoja na vifaa, ikiwa na majina kamili ya vijana na ya wazee walioiandika.