Nimerudia magemu ya zamani: kipi kimezeeka, kipi bado kipo fiti

Juzi kati nilipata laptopu ya mtumba, RAM GB 4, kadi ya grafiki ya maana haina. Mshikaji wangu hapa Sinza akanicheka, eti hiyo ni ya kuandikia barua za kuomba kazi tu. Sawa, barua nimeandika (majibu bado). Lakini kuna kitu hiyo mashine inafanya vizuri sana: inacheza magemu ya RPG ya kati ya 1997 na 2002 bila hata feni kupiga kelele. Nimerudia matatu, na leo naeleza, maana kila siku nasikia watu wanasema gemu la zamani takataka kwa sababu ya picha. Jamani, picha ndiyo kitu cha mwisho kuhofia.

Kwa wasiojua, RPG ni gemu ambalo unatengeneza mtu wako mwenyewe. Unamchagulia kazi, awe mpiganaji, mchawi au mwizi, anaanza akiwa dhaifu, anapata uzoefu, anapanda levo. Njiani anaongea na watu na wewe ndiye unaamua ajibu nini. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliotoka 1974. Watu walikaa na karatasi, penseli na dadu. Kompyuta ilipokuja ikachukua kazi ya kurusha dadu. Lishikeni hilo la dadu, tutalihitaji.

La kwanza ni Baldur's Gate, la Desemba 1998, kutoka BioWare ya Canada, kampuni ambayo waanzilishi wake walikuwa madaktari wa watu kabisa. Lilikuja na CD 5! Mimi nililikuta 2011. Bro wangu alikuwa anaangalia intaneti kafe moja pale Sinza Kijiweni, na kule nyuma kulikuwa na Pentium 4 moja isiyo na mtandao, ambayo wateja hawakuitaka. CD zenyewe za kuchoma, nisidanganye. Nilikuwa na miaka 9. Na mnaukumbuka mgao wa umeme wa 2011. Umeme ukienda na hujasevu, imekula kwako. Mpaka leo nikicheza chochote nasevu kila baada ya dakika mbili kama mgonjwa.

Sasa nimelirudia nikiwa mtu mzima, kidato cha nne nilimaliza 2019. Kilichozeeka vibaya ni hesabu. Kila ukipiga mtu, kompyuta inarusha kimyakimya dadu ya pande 20. Halafu kinga ya mwili inahesabiwa kinyumenyume: kinga 10 ni sawa na umevaa fulana, kinga 2 umejificha ndani ya chuma, na ikishuka chini ya sifuri ndiyo bora zaidi. Gemu lenyewe halikuelezi, lilitegemea utasoma kitabu kilichokuja kwenye boksi. CD ya kuchoma haina kitabu! Wenye Dungeons & Dragons waliona tatizo, toleo lao la 2000 wakageuza ikawa namba kubwa ndiyo nzuri, lakini Baldur's Gate lilishatoka na hesabu za kale. Ongeza na hili: mchawi wa levo ya kwanza ana uhai wa 4 mpaka 6. Mbwa mwitu mmoja anakumaliza. Na ukifika nyumba ya wageni ya Friendly Arm, kwenye ngazi za mlangoni anakusubiri muuaji aitwaye Tarnesh. Wengi wameachia gemu pale. Kwa hiyo ushauri wa bure: usianze na mchawi, anza na mpiganaji mwenye upinde.

Picha je? Zile sehemu unazotembea zilitengenezwa kama michoro kamili, siyo vipande vya 3D vinavyozunguka. Mchoro mzuri wa 1998 bado ni mchoro mzuri. Tatizo ni ukubwa tu, lilitengenezwa kwa skrini ya 640 kwa 480, kwenye skrini ya leo watu wanakuwa kama sisimizi. Toleo lililorekebishwa la 2012 linakuruhusu kuvuta karibu. Hilo limekwisha.

Kisichozeeka ni maneno, na hapa ndipo nilipopigwa butwaa. Nilipokuwa mdogo Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu, basi. Bro alikuwa anasimama nyuma ya kiti ananitafsiria. Mwanzoni mwa gemu unalelewa na mzee Gorion, usiku mmoja mnatoroka, mnavamiwa njiani. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bro akaniambia, "Mzee ameponyoka, amejificha huko mbele, tutamkuta." Basi mimi miezi na miezi natembea msitu wote namtafuta Gorion, mpaka siku ile kompyuta ilipofomatiwa na sevu zote zikaenda.

Safari hii nimesoma mwenyewe. Gorion anauawa usiku uleule wa kwanza. Asubuhi ukirudi, mwili wake upo palepale na barua mfukoni. Nilikaa nikaangalia skrini. Nikampigia bro, siku hizi yuko Mwanza. Akakaa kimya, halafu akasema, "Dogo, ulikuwa na miaka tisa."

Halafu subirini. Karibu na mwisho wa gemu, kwenye makaburi ya chini ya Candlekeep, anatokea mtu mwenye sura ya Gorion, anakwambia yuko hai. Siyo yeye, ni kiumbe kinachojigeuza sura. Bro hakuwahi kufika huko, hakujua. Mimi nilisevu kwanza ndipo nikamjibu.

La pili ni Fallout, 1997. California baada ya vita vya nyuklia, watu wako wanaishi chini ya ardhi, kifaa cha kusafishia maji kimeharibika, unapewa siku 150 ukalete kingine. Watu wa Dar maji tunayajua, huhitaji kuelezwa. Lilikaa kwenye CD moja, na pigano lake ni la zamu kwa zamu, kama bao, kwa hiyo halina cha kuzeeka. Kilichozeeka ni wenzako: huwezi kuwaamuru. Kuna jamaa anaitwa Ian, ukimpa bunduki ya rashasha, jiandae kupigwa mgongoni. Lakini jaribuni hili: tengeneza mtu mwenye akili ya chini kabisa. Anaguna tu, na watu wanamjibu kama wanavyomjibu mtu anayeguna. Magemu mangapi ya leo yanajisumbua hivyo?

La tatu Morrowind, 2002. Hili ndilo lililochoka sura, kwa sababu ni 3D ya wakati ule, nyuso kama vinyago vya mbao. Na dadu tena! Unaona kwa macho yako upanga umempata mtu, gemu linasema umekosa. Lakini halina mshale wa kukuonyesha unakokwenda. Unaelekezwa kwa mdomo: fuata barabara, pita daraja, kwenye jiwe kubwa kata kushoto. Ni Sinza kabisa. "Shuka Kumekucha, ulizia duka la Mpemba, nyumba ya geti jeusi." Unapotea, unauliza, unafika, na njia huisahau tena.

Linganisheni na Baldur's Gate 3 ya 2023. Gemu zuri, lilizoa tuzo, lakini linataka nafasi ya GB 150. Hilo ni bando la nani? Haya ya zamani yanauzwa kihalali GOG, duka lililoanza 2008 kwa kazi hiyohiyo ya magemu ya kale, na ukishashusha hayadai tena intaneti. Baldur's Gate la kwanza lipo hata kwenye simu za Android tangu 2014.

Sasa jambo langu. Maneno yote ya Baldur's Gate yamekaa kwenye faili moja, dialog.tlk, na kuna programu ya bure, Near Infinity, inayolifungua. Nimeanza kutafsiri mwanzo wake kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa bro. Nimegundua Kiingereza hakina shida ya heshima, kila mtu ni kila mtu, ila mimi mtoto aliyelelewa na Gorion siwezi kumwacha aanze maongezi bila shikamoo. Mwizi nimemwacha mwizi, kibaka imekuwa kali mno. Ile sehemu ya usiku wa Gorion nimeiruka kwanza.

Kinachonisumbua ni ile dadu unayorushiwa kuona kama utaepuka sumu au uchawi. Nimeandika "dadu ya kuponea" lakini siipendi. Mwenye neno zuri zaidi aliache hapo chini.