Kisu Butu ni Mzigo wa Nani?



Tunapozunguka kwenye matawi yetu, katika viwanda vya minofu ya samaki kando ya Ziwa Victoria na katika mashamba ya miwa, tunasikia madai mengi. Mshahara, saa za ziada, nyumba, matibabu. Hayo yote huandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Lakini liko dai moja ambalo wanachama hulisema baada ya mkutano kufungwa, wakiwa wamesimama mlangoni: kisu hakikati, panga halikati, na jiwe la kunolea tunanunua wenyewe.

Wengi hulidharau dai hili. Husema ni jambo dogo, jambo la jikoni. Sisi tunasema si dogo. Mkataji wa minofu hushika kisu kutwa nzima. Mkata miwa hushika panga tangu alfajiri. Kama chombo hicho ni kibovu, basi siku nzima ya mfanyakazi ni mbovu, na jioni mkono wake humwambia hivyo.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika kiwanda, mwenye kisu kikali hali nyama, bali huokoa mkono wake.

UBUTU UNAKULA MKONO

Tulifafanue jambo hili vizuri, maana wako wasimamizi wanaodhani kisu butu ni salama kuliko kisu kikali. Ni kinyume kabisa. Kisu kikali huingia kwenye nyama kwa uzito mdogo, nawe unakiongoza. Kisu butu hukataa kuingia. Mfanyakazi hukikaba mpini, hukaza kifundo cha mkono, husukuma kwa bega. Kisha kisu huteleza juu ya mfupa, na kikiteleza huenda kwa nguvu zote zile ulizokuwa unakisukumia. Ndipo kinapokata kidole cha mkono wa pili.

Hilo ni jeraha linaloonekana. Liko lingine lisiloonekana: ganzi ya vidole usiku, maumivu ya kifundo, mkono unaoshindwa kufunga kifungo cha shati. Huja polepole kwa kukaba mpini maelfu ya mara kwa siku.

Haya si maneno ya chama peke yake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wakata nyama wakiwa kazini. Waliona kwamba kisu kinapopungua ukali, nguvu ya kukaba mpini huongezeka, nguvu ya kukata huongezeka, na muda wa kumaliza mkato pia huongezeka. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, serikali ya Marekani ilikuwa imetoa mwongozo kwa viwanda vya nyama, ikitaja utunzaji wa visu na kuvinoa mara kwa mara kuwa sehemu ya kuzuia maradhi ya mikono.

Basi mwenye kiwanda akisema kunoa ni kupoteza muda, ajibiwe kwamba ubutu ndio unaopoteza muda.

SIRI NI PEMBE

Kunoa ni kazi ya ufundi, na siri yake kubwa ni pembe. Makali ni mahali ambapo pande mbili za chuma hukutana. Zikikutana kwa pembe ndogo, makali huwa membamba na hukata laini, lakini huharibika upesi. Zikikutana kwa pembe kubwa, makali huwa magumu na hudumu, lakini hukata kwa nguvu zaidi. Kisu cha minofu hufaa pembe ya nyuzi 15 hadi 17 kila upande. Kisu cha kazi za kawaida hufaa nyuzi 20. Panga, linalopiga miti na mara nyingine mawe, hufaa nyuzi 25 hadi 30.

Shida ni kuishika pembe hiyo moja tangu mwanzo wa kisu hadi ncha, mara kwa mara, pande zote mbili. Fundi mzee huweza, kwa sababu mkono wake umezoea miaka mingi. Kijana aliyeajiriwa juzi hawezi. Mkono wake huinuka na kushuka, makali huwa mviringo, na kadiri anavyosugua ndivyo anavyozidi kuyaua. Na hata huyo fundi mzee, mwishoni mwa zamu, mkono wake huchoka.

KIFAA KINACHOSHIKA PEMBE

Kwa sababu hiyo vilibuniwa vifaa vya kunoa vyenye mwongozo. Vingine vinajulikana kwa majina ya watengenezaji wake wa Marekani, kama Lansky na Edge Pro. Majina yasitutishe, kanuni yake ni nyepesi na kila mfanyakazi anaweza kuielewa.

Katika aina ya Lansky, kisu hubanwa mgongoni kwa kibano. Kwenye kibano kuna matundu manne, yaliyoandikwa nyuzi 17, 20, 25 na 30. Jiwe dogo limefungwa kwenye mpini, na mpini huo una fito nyembamba ya chuma. Unapitisha fito kwenye tundu la pembe unayotaka, kisha unalisukuma jiwe juu ya makali. Mkono wako hauna haja ya kukumbuka pembe, tundu linakukumbukia. Ukimaliza upande mmoja, unakigeuza kibano.

Aina nyingine, kama Sharpmaker ya Spyderco, haina kibano. Ni kitako chenye fito mbili za kauri zilizosimama kwa kuinama. Wewe unashika kisu wima, kama unayekata mkate, na kukivuta kuelekea chini juu ya fito hizo, kulia na kushoto. Kwa kazi ya kurudisha makali yaliyolegea kidogo, aina hii ni ya haraka zaidi.

Mawe nayo yana daraja. Namba ndogo ni jiwe lenye chembe kubwa, namba kubwa ni jiwe laini. Kisu chenye mapengo huanza na jiwe la namba 120 hadi 220. Kisu kilicholegea tu huanza na 400 au 600, na humalizwa kwa 1000 au zaidi. Namba za watengenezaji mbalimbali hazilingani daima, kwa hiyo amini pia macho na kidole. Mawe mengi ya viwandani hutengenezwa kwa oksidi ya alumini au silikoni kabaidi. Hiyo ya pili iligunduliwa na Edward Acheson huko Marekani mwaka 1891. Yako pia mabamba ya chuma yaliyopakwa almasi, ambayo hula chuma haraka, ila hayataki kukandamizwa.

Vifaa vya ziada ni vingi, lakini vya lazima ni vichache: kitako cha kushikilia kibano ili mikono yote iwe huru, ukanda wa ngozi wa kumalizia, na kalamu ya wino mzito. Kalamu? Ndiyo. Paka wino kwenye makali, pitisha jiwe mara mbili, kisha tazama. Wino ukifutika mpaka ukingoni kabisa, pembe ni sahihi. Ukifutika juu tu, pembe ni ndogo mno.

Na utajuaje kwamba upande mmoja umekwisha? Papasa upande wa pili kwa uangalifu, kutoka mgongoni kuelekea nje. Utahisi ulimi mwembamba wa chuma uliojikunja, tangu mwanzo wa kisu hadi ncha. Usipouhisi, bado hujafika. Ukiuhisi, geuza, noa upande huo vivyo hivyo, kisha uuondoe ulimi kwa jiwe laini na ngozi.

MAHALI KIFAA KINAPOSHINDWA

Hatutaki kuwauzia wanachama ndoto. Vifaa hivi vilibuniwa zaidi kwa wawindaji na wapishi wa nyumbani. Ni vya polepole. Kisu kirefu hubadili pembe kuelekea ncha, kwa hiyo kibano lazima kihamishwe. Kisu cha minofu hunesa, kwa hiyo jiwe lisikandamizwe. Na panga haliingii kabisa kwenye kibano hicho.

Lakini kanuni ya mwongozo inafaa kila mahali, na seremala wa kampuni anaweza kuitengeneza kwa kipande cha mbao. Kabari yenye kitako cha sentimita 10 na urefu wa kwenda juu wa sentimita 3.6 hutoa pembe ya nyuzi 20. Ilaze kando ya jiwe uwe unaitazama, au uanze nayo kila mpigo. Asiye na kabari apime hivi: kisu chenye upana wa sentimita 3 kikilazwa juu ya jiwe, mgongo wake ukiinuliwa sentimita 1, pembe ni karibu nyuzi 20.

Panga linolewe kwa tupa. Libanwe kwenye jiliwa, makali yakielekea mbali na mwili. Tupa iwe na mpini, maana mkia wa tupa usio na mpini umetoboa viganja vingi. Sukuma mbele, inua, rudi. Tupa hukata inapokwenda mbele tu. Mashine ya jiwe la kuzunguka itumiwe kwa panga lililoharibika sana, na kwa miwani na kinga. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kwa joto, ugumu wake umeondoka na makali hayatadumu.

Katika kiwanda cha chakula, tumieni maji wala si mafuta kwenye mawe, na kisu kioshwe kabla ya kurudi mezani ili unga wa chuma usiingie kwenye samaki.

WALIOKUFA KWA VUMBI LA MAWE

Yafaa tukumbuke pia kwamba jiwe lenyewe laweza kuua. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulijulikana duniani kwa visu vyake. Katika karne ya 19 wanoaji wa mji ule walikaa juu ya mawe makubwa ya mchanga yanayozunguka, wakivuta vumbi lake kifuani. Madaktari wa mji, akiwamo Dk. Arnold Knight, waliandika juu ya ugonjwa wao wa mapafu. Walionoa kikavu, kama watengenezaji wa uma, walikufa mapema kuliko walionoa kwa maji. Dunia ilisifu kisu cha Sheffield, na kifua cha aliyekinoa kilisahauliwa.

Funzo lake kwetu ni wazi. Jiwe liwe na maji kila linapowezekana, chumba kiwe na hewa, na anayenoa asihesabiwe kuwa mtu aliyejificha asifanye kazi. Kunoa ni kazi.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye kiini. Mara nyingi tunakuta mfanyakazi analipwa kwa kilo au kwa mistari ya miwa. Akisimama kunoa, mshahara wake unasimama. Kwa hiyo hunoa wakati wa chakula, au hunoa nyumbani usiku, au hanoi. Jiwe ni lake, tupa ni yake, muda ni wake. Lakini mnofu si wake na sukari si yake.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake zapaswa kuheshimiwa na kila nchi mwanachama, hata ile ambayo haijautia sahihi. Nchi zetu nazo zina sheria zake: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Zote zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya mfanyakazi kazini. Chombo chenye makali ni sehemu ya wajibu huo.

Basi makatibu wa matawi, mnapokwenda kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, pelekeni mambo haya matano:

1. Mawe, tupa, vibano na ngozi vinunuliwe na mwajiri, na vikatwe kabisa kutoka orodha ya makato ya mshahara.

2. Kila mkataji apewe visu viwili, kimoja mkononi, kimoja kwa mnoaji, ili kazi isisimame.

3. Dakika za kunoa zihesabiwe kuwa saa za kazi. Anayelipwa kwa kilo alipwe kwa muda huo kwa wastani wa mapato yake.

4. Kila zamu iwe na mnoaji aliyefundishwa na kulipwa kama fundi, na awafundishe vijana.

5. Pawe na meza ya kunolea yenye maji, mwanga na nafasi, si ngazi ya nyuma ya choo.

Msiyapeleke kama ombi la huruma. Yapelekeni pamoja na daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja andikeni kila jeraha la kisu, saa lilipotokea, na lini kisu kile kilinolewa mara ya mwisho. Andikeni pia fedha ambazo kila mwanachama ametoa mfukoni kwa jiwe na tupa, kisha jumlisheni. Mwajiri huweza kubishana na malalamiko, lakini hupata taabu kubishana na daftari lililotiwa sahihi na wakataji wote wa zamu.

Tawi litakaloanza daftari hilo lituandikie, ili matawi mengine yajue lilivyofanya.

Umoja ni nguvu.