Kubadhi la Kuingia Nalo Ofisini

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, kiatu cha kufunga kamba hugeuka tanuri pale Kilwa Masoko. Joto la mchana hupita nyuzi 30, jasho halikauki kwa unyevu wa bahari, na mishipa ya damu miguuni hutanuka ili mwili upoe. Maji huvuja kutoka mishipa hiyo yakatuama vifundoni, hasa kwa anayekaa kitini kutwa. Kiatu kilichomkaa vizuri saa mbili asubuhi, saa nane mchana kinambana.

Karani wa Masoko akitafuta nafuu, cha kwanza kumjia ni ndala. Asijaribu. Ndala, au malapa kama wengine waitavyo, zina kasoro ambayo bei haiiondoi: kelele. Kila hatua soli hukiacha kisigino kisha hukirudia, kap, kap, kap, hata ofisi nzima ikajua nani anakwenda chooni. Waraka wa serikali Na. 3 wa mwaka 2007 unawataka watumishi wa umma wavae kwa heshima na staha kazini; lakini hata ofisi isiyofungwa na waraka huo, mlio ule tu unatosha kumshusha mtu.

Hata hivyo, anayedhani kiatu cha wazi ni utovu wa adabu hajaijua pwani hii. Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, kiatu kilitenga watu. Katika miji ya Waswahili mtumwa alikwenda peku mbele ya waungwana. Makubadhi ya ngozi yalikuwa ya mwungwana, yakienda pamoja na kanzu na kilemba, na aliyepata uhuru aliona fahari kuyavaa.

Kwa hiyo kubadhi linafaa, ila si kila kubadhi. La ofisini liwe na ukanda wa nyuma, maana huo ndio unaoshika kisigino na kuua ule mlio. Ukanda wa mbele uwe mpana, ufunike mashina ya vidole. Gidamu, ule ukanda mwembamba unaopita kati ya kidole gumba na cha pili, hukipa kiatu sura ya nyumbani, tena ndiyo hukatika kwanza. Mwenye kikao asubuhi aikwepe. Rangi iwe nyeusi au kahawia. Kwa wanawake kisigino kifupi na kipana ni bora kuliko kile chembamba, ambacho huzama kwenye mchanga wa Kivinje kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Anayekuja kazini kwa bodaboda kutoka Nangurukuru avae viatu vya kufunika njiani, makubadhi ayabebe mkobani: ukucha uliogonga chuma haungoji suti wala kanzu.

Kununua nako kuna saa yake, nayo ni alasiri, mguu ukiwa umeshavimba. Mnunuzi alipindue kubadhi atazame ubavu wa soli. Akiona mshono, mashimo ya msharasi yamepangana sawasawa, fundi amefanya kazi. Akiona gundi peke yake, ajue joto litailainisha na soli itaanza kufunua mdomo.

Maji ya chumvi ni adui mwingine. Aliyevuka kwenda Kilwa Kisiwani kuongoza wageni magofuni akarudi kalowa, ayasuuze makubadhi yake kwa maji baridi, ayakaushe kivulini, kisha ayapake mafuta kidogo. Akiyaanika juani, chumvi hubaki imeganda, ngozi hukakamaa na kupasuka palepale inapopinda.

Ukanda wa nyuma wenye mpira unaovutika ni bora kuliko wenye bizimu, kwa sababu adhuhuri ikiadhiniwa mtu anavua mara moja na kuingia kuswali. Hapo huzuka tabu ya makubadhi ya kahawia: mlangoni mwa msikiti yote yanafanana. Wajanja huchora alama kwa ncha ya kisu chini ya soli, na hata hivyo wapo waliorudi ofisini na la kulia lao, la kushoto la mwenzao.