Chai ya kamati inalipwa na nani? Somo kutoka kwa vilabu vya Lions na Rotary



Miaka miwili iliyopita nilimpeleka mama mkubwa kwenye kambi ya macho iliyofanyika katika shule moja ya msingi upande wa Likoni. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alishafika hatua ya kuwatambua wajukuu kwa sauti tu. Foleni ilianza kabla jua halijachomoza. Waliotupokea hawakuwa madaktari. Mmoja ana duka la hadiwea, mwengine ni mwalimu, mwengine mama wa makamo anayefanya kazi benki, na siku hiyo kazi yake ilikuwa kuwashika wazee mkono kuwatoa kwenye benchi hadi mbele ya ubao wenye herufi E zinazotazama huku na huku. Wote walivaa vizibao vya manjano vya Lions.

Ilipofika saa nne ikaja chai na mahamri. Nami, kwa maradhi yangu ya kukaa kwenye kamati nyingi, nikamsogelea mweka hazina wao nikamuuliza: "Ndugu yangu, hii chai imetoka kwenye pesa za macho?" Akacheka. "La. Chai ni yetu wenyewe. Pesa za macho hazinunui hata sukari."

Jibu hilo lilinikaa, kwa sababu mimi nilikwisha kuungua papo hapo.

Kabla ya hapo nilikuwa katibu wa kamati ya kuezeka paa la madrasa mtaani kwetu. Tulifanya harambee moja nzuri, watu wakatoa, na wengine wakatuma kutoka Gulf. Tukapata laki nne na kitu. Pesa zilikaa kwenye simu ya mwenyekiti, mtu mzuri ambaye mpaka leo nasali nyuma yake bila wasiwasi. Kisha akafa mzee mmoja wa mtaa ambaye maziko yake yalikuwa Lamu, na basi likakodiwa kwa pesa za paa, "tutarudisha". Kijana akalazwa, bili ikalipwa, "tutarudisha". Vikao vyetu navyo vilikuwa na chai, na siku nyengine biriani. Mimi niliandika kila kitu daftarini. Hakuna aliyeiba, wallahi. Lakini tulipokwenda kununua mabati tukakuta hazitoshi hata nusu ya paa, na mtaa mzima ukasema zimeliwa. Tulipoitisha harambee ya pili, walikuja watu kumi na mmoja, na wanane kati yao walikuwa kamati.

Watoto bado wanahamisha mikeka mvua ikinyesha. Kwa hivyo niliposikia kwamba pesa za macho hazinunui sukari, nilitaka kujua hawa wanafanyaje.

Vilabu vya huduma si kitu kigeni Pwani. Mombasa, Malindi na Diani kote viko, na wengi wetu tumeona alama zao kwenye tangi la maji la shule au kwenye ukuta wa wodi bila ya kuuliza ni kina nani. Viwili vinavyojulikana zaidi vyote vilizaliwa Chicago, Marekani. Rotary ilianza Februari 1905, wakili mmoja, Paul Harris, alipokutana na wenzake watatu. Jina lilitokana na ile desturi yao ya mwanzo ya kuzunguka, leo kikao ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Lions ilikuja 1917 kupitia Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa haoni wala hasikii, aliwahutubia Lions katika mkutano wao mkuu Ohio akawaomba wasimame upande wa wasioona. Ndiyo maana mpaka leo ukisikia Lions utasikia macho: kambi, miwani, upasuaji, na ile hospitali yao ya macho ya Loresho, Nairobi. Kila moja kati ya jumuiya hizi mbili ina wanachama zaidi ya milioni moja duniani. Wanawake walifunguliwa milango miaka ya 1980 tu, jambo ambalo hawapendi sana kukumbushwa.

Mwanachama halipwi. Yeye ndiye anayelipa: ada ya kila mwaka, chakula cha kikao, fulana yake, nauli yake. Na hapa ndipo penye kiini cha habari. Klabu ya Lions huwa na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa uendeshaji, unaojazwa na wanachama wenyewe kwa ada zao na hata faini. (Yupo ofisa mzima ambaye kazi yake ni kutoza faini aliyechelewa au ambaye simu yake imelia kikaoni. Kwetu ofisa huyo angetajirika.) Mfuko wa pili ni wa umma. Kila shilingi iliyotoka kwa watu wa nje, iwe kwa tikiti za chakula cha jioni, matembezi ya hisani au kisanduku dukani, inaingia humo na lazima irudi kwa umma. Kinachoruhusiwa kukatwa ni gharama za moja kwa moja za shughuli yenyewe iliyochangisha, kama vile kodi ya mahema. Sukari ya kikao haimo.

Tazama hilo linabadilisha nini. Anayechangia hana haja ya kujua tabia za mwenyekiti. Hamuulizi kama ni mchamungu au ana deni. Na mwenyekiti mwenyewe anapumua, kwa sababu maiti akiwa wa kupelekwa Lamu na watu wakamtazama yeye, ana jibu: pesa hizi si zangu kuzitoa, tupitishe sahani ya maziko sasa hivi. Kwetu, mwenyekiti alikuwa hana jibu hilo. Angesema hapana angeitwa hana utu. Akasema ndiyo, akaitwa mwizi.

Wala tusidhani hili ni jambo la Wazungu. Sote tunasoma katika Sura At-Tawba, aya ya 60, kwamba zaka ina mafungu manane yaliyotajwa, na fungu la tisa hakuna hata kama lina huruma kiasi gani. Mwenye kuweka wakfu akisharutisha kwamba kodi ya nyumba hii ni ya mafuta ya taa ya msikiti fulani, sharti lake linamfunga msimamizi. Mababu zetu wa Mji wa Kale waliishi ndani ya utaratibu huu. Sisi tulipopata harambee na simu ndipo tulipotia kila kitu kapu moja.

La pili nililojifunza ni kwamba uongozi kwao hauotei mizizi. Rais wa klabu ya Rotary hukaa mwaka mmoja, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30, na mrithi wake huwa ameshajulikana mapema, yuko pembeni anajifunza. Hakuna anayengoja mtu afe ndipo apate zamu. Sisemi kwamba hakuna ugomvi, maana popote penye watu pana ugomvi, lakini ugomvi wenyewe unajua kwamba Juni itafika.

Kisha kuna pesa kubwa, na hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Utaona klabu ya watu thelathini imechimba kisima cha mamilioni, useme hawa ni matajiri. Si lazima. Rotary ina mfuko wake wa dunia, Rotary Foundation, unaotoa ruzuku kwa miradi ambayo klabu ya mahali na klabu ya nchi nyengine zimeungana. Mradi wa ruzuku hiyo kubwa hauwezi kuwa chini ya dola 30,000, na kuipata si rahisi. Lazima kwanza mwende kwa wananchi mkaulize wanataka nini, muandike waliyoyasema, na muonyeshe mradi utaendeshwa na nani mkishaondoka. Pesa zinakaa kwenye akaunti yake peke yake, na hazitoki bila sahihi za watu wawili. Mwanachama na watu wa nyumba yake hawaruhusiwi kuwa wafaidika. Hebu lifikirie hilo la mwisho kidogo, kisha ukumbuke kokoto za mradi wa mwisho mtaani kwako ziliuzwa na shemeji ya nani.

Mfano mkubwa kuliko wote sote tumeushika mikononi. Wale wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba na kisanduku cha barafu, wakamdondoshea mtoto matone mawili mdomoni na kumpaka wino kwenye kidole, nyuma yao kuna serikali, WHO, UNICEF na wengine, na Rotary imo tangu mwanzo. Iliianza kazi hiyo rasmi 1985. Mwaka 1988 polio ilikuwa ikipooza watoto wanaokadiriwa kufika 350,000 kwa mwaka duniani. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kwamba haina tena virusi vya polio vya asili. Kwa miaka mingi sasa Gates Foundation imekuwa ikiongeza dola mbili juu ya kila dola moja inayochangishwa na Rotary kwa kazi hiyo, hadi kiwango cha dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Tajiri hutia pesa zake pale anapoona hesabu zinasomeka. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai nao wako hivyo hivyo, tusiwalaumu.

Yapo yasiyonipendeza, na nitayasema. Vikao vingi hufanyika hotelini, kwa Kiingereza, na gharama ya chakula cha mchana mmoja ni matumizi ya siku mbili kwa nyumba ya Kisauni au Majengo. Matokeo yake ni kwamba wanaohudumiwa ni wengi kuliko wanaokaribishwa kuhudumu. Pia kuna ugonjwa wa picha: bibi anakabidhiwa mfuko wa unga, watu wanane wameushika. Mama mkubwa alipigwa picha tatu kabla hata hajapata mahali pa kukaa. Na kuna vyoo vya shule nilivyoviona kwa macho yangu vikiwa na kibao kizuri cha klabu na bomba lisilotoa maji.

Halafu kuna lile neno linalonong'onwa barazani, kwamba hawa ni Freemason. Wanaolisema si wajinga, na wapo wanachuoni walioonya dhidi ya vilabu hivi. Mwenye shaka amuulize shekhe wake na afuate moyo wake, wala hapa simwiti mtu akajiunge popote. Mimi nilichoangalia ni daftari lao. Kuazima namna ya kuweka hesabu hakuhitaji kadi ya uanachama.

Na vifaa vya kuazimia tunavyo hapa hapa. Tangu 2022 Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii. Watu kumi wakikaa wakaandika katiba yao, wakachagua viongozi na kuweka kumbukumbu za kikao, wanaweza kwenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii wakasajiliwa. Ukiwa na cheti unafungua akaunti ya benki yenye sahihi zaidi ya moja, na ukiwa na akaunti unaweza kuomba namba ya Paybill yenye jina la kikundi. Anayetuma mia moja anaona jina la madrasa, haoni jina la mtu. Taarifa ya akaunti inachapishwa na kubandikwa mlangoni baada ya sala ya Ijumaa. Kazi yote hiyo haihitaji tajiri hata mmoja. Inahitaji mtu wa benki kama yule mama wa Likoni, afanye kwa kujitolea kile anachokijua, badala ya kuombwa kubeba viti.

Mama mkubwa alipasuliwa jicho la kwanza siku ile ya pili, wakamtia lenzi. Bandeji ilipotolewa asubuhi yake alinitazama kwa muda, akasema nimezeeka. Jicho la pili lilifuata miezi michache baadaye.

Kamati yetu tumeianza upya tangu Shaaban, watu kumi na wanne. Jambo la kwanza tulilofanya ni kusoma lile daftari langu mbele ya watu, basi la Lamu, bili ya hospitali na biriani zote, na tukakubaliana kwamba kiasi kile ni deni la kamati, tutalilipa kidogo kidogo kutoka mifukoni mwetu. Wawili walitoka hapo hapo wakaenda zao. Akaunti ina watia sahihi watatu na hakuna wawili wa nyumba moja. Mwenyekiti anaondoka mwezi wa Juni, na mrithi wake keshachaguliwa. Chai ni shilingi hamsini kila mtu, kila kikao, na isiyolipwa inaandikwa. Ijumaa iliyopita nililipa ya wiki mbili.